Hema Lisiwe Jiko la Pili



Likizo ya skuli ikikaribia, mazungumzo dukani kwangu hubadilika. Mmoja anapimwa gauni la harusi ya wifi yake, mwengine kaja kuchukua buibui, na katikati ya sindano na uzi linaingia swali: mwaka huu watoto tuwapeleke wapi? Siku hizi jibu moja nalisikia zaidi na zaidi: tuvuke bara, tukapige kambi kwenye ziwa, chini ya mlima. Baba kaona picha kwenye simu, watoto wanaruka kwa furaha. Anayenyamaza ni mama. Ukimwuliza mbona hana raha, anakwambia, "Raha gani? Kazi ni ile ile, tofauti yake huko hakuna bomba."

Mimi nina rai mbili, na nitazisema wazi. Ya kwanza: kupiga kambi na familia ni jambo zuri, la halali, na wanawake wa Kiislamu wa visiwani tusiliogope. Ya pili: safari ambayo baba na watoto wanapumzika huku mama akilihamishia jiko lake msituni, hiyo si safari ya familia. Kazi zigawanywe kabla ya kupanda boti. Zisipogawanywa, bora mbaki nyumbani, angalau nyumbani kuna bomba.

Kwa nini nasema twende

Nichukue mfano wa Ziwa Duluti, maana ndilo linalotajwa sana. Liko Tengeru, kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, kabla hujafika Arusha mjini. Ni ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, limezungukwa na msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuna njia ya miguu inayozunguka ziwa, kuna ndege, kuna kenge wanaoota jua kwenye magogo, na juu yake umesimama Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500. Mbingu ikiwa safi, upande wa mashariki unauona na Kilimanjaro.

Kwa sisi tuliozaliwa tukiiona bahari kila siku, hayo ni mambo mapya. Mtoto wa Unguja au Pemba anajua kupwa na kujaa, anajua ngalawa na pweza. Hajui ukungu wa asubuhi unaopanda kutoka kwenye maji, wala hajui kulala akiwa amevaa soksi. Qur'ani inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame. Haikusema wanaume tu.

Kuna kitu chengine ambacho hoteli haikupi. Hotelini kila mtu ana kitanda chake, simu yake na intaneti yake. Kwenye kambi giza likiingia, familia nzima inakaa duara moja. Mnasali jamaa pamoja, baba mbele, watoto wa kiume nyuma yake, nanyi nyuma yao. Kibla hakina shida: kutoka Arusha, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, inapinda kidogo tu mashariki. Ukisimama Duluti kuelekea kibla, Meru uko mbele yako, kushoto kidogo. Mtoto akisali mara moja mbele ya mlima ule hasahau.

Tena dini imetupunguzia mzigo. Mmetoka visiwani mpaka Arusha, zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam peke yake, basi nyinyi ni wasafiri. Adhuhuri, Alasiri na Isha mnazipunguza ziwe rakaa mbili mbili. Magharibi inabaki tatu na Alfajiri mbili. Mnaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kama mnakusudia kukaa siku nyingi, mwulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka, maana ruhusa ina mipaka yake. Lakini tazameni: Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri hata Sala. Kwa nini sisi tusimpunguzie mama hata sufuria?

Wanaosema si heshima

Wapo wanaosema mwanamke wa Kiislamu hana stara kwenye hema. Hoja hiyo siidharau, maana stara ni jambo zito. Ila stara hupangwa, na sisi wanawake wa pwani tunajua kuipanga kuliko mtu yeyote. Tafuteni hema kubwa lenye sehemu mbili, wazee upande mmoja, mabinti upande wa pili. Lipigeni pembeni, mlango usitazame njia ya watu wanaokwenda chooni. Kabla hamjalipa, ulizeni maswali matatu: choo kiko umbali gani, maji yanapatikana vipi, na usiku kuna taa na mlinzi? Wakijibu kwa kigugumizi, tafuteni pengine. Na mwanamke awe na mume wake au maharimu wake.

Kwenye nguo niachieni mimi, ndiyo kazi yangu. Buibui la mtelezo linaloburura chini halifai kambini. Kwanza linakusanya matope na miiba. Pili, na hili ni kubwa, vitambaa vingi vya mabuibui ni vya poliesta, na poliesta ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Karibu na moto vaa pamba. Mwambie fundi wako akushonee dira au gauni la pamba, mikono iwe na lastiki kiganjani isininginie, pindo liishie juu ya kifundo cha mguu, na ndani yake uvae suruali pana na soksi. Umestirika kuliko kwenye buibui, na unapanda mlima bila kujikwaa. Chukua na doti mbili za kanga. Kanga itakuwa shuka, pazia, taulo, mbeleko, na ya kujitanda ukisali. Hakuna duka la vifaa vya kambi linalouza kitu chenye kazi nyingi kama kanga.

Msafara uliosimama kwa ajili ya mkufu

Wanaodhani mwanamke safarini ni wa kuhudumia tu, nawakumbusha kisa wanachokijua. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa safarini pamoja na Mtume, rehma na amani zimshukie. Mkufu wake ukapotea. Mtume akasimama, na watu wote wakasimama naye, wautafute. Mahali penyewe hapakuwa na maji, na watu hawakuwa na maji. Sayyidna Abubakar akamwendea binti yake akamkaripia kwa kuwachelewesha watu, naye hakuweza kujitikisa kwa sababu Mtume alikuwa amelala, kichwa chake kimeegemea paja lake. Asubuhi ikashuka aya ya kutayamamu. Walipomwinua ngamia, mkufu ukaonekana chini yake.

Msafara mzima ulisimama kwa ajili ya kitu cha mwanamke, na kutokana na kusimama huko umma wote ukapata wepesi mpaka leo. Kila tunapotayamamu tunakula matunda ya usiku ule.

Na si kisa hicho tu. Safarini pia ndipo Mtume aliposhindana mbio na Bibi Aisha, akamwacha yeye ashinde mara ya kwanza au akashindwa kweli, Allah ndiye ajuaye, na miaka ilipopita akashindana naye tena akamshinda, akamtania kuwa hii ni kwa ile. Safarini ndipo alipomwambia Anjasha, aliyekuwa akiwaimbia ngamia waende mbio, apunguze mwendo, kwa sababu wanawake waliopanda ni kama vyombo vya kioo. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na Sala ikifika anatoka kwenda kusali.

Basi mwanamme anayesema kuosha sufuria mbele ya ziwa kunamvunjia heshima, aniambie heshima hiyo kaifundishwa na nani. Kwa Mtume haikutoka.

Gawaneni kazi kwa kalamu

Maneno matupu hayafui dafu. Kila mume atakwambia, "Tutasaidiana." Tutasaidiana maana yake ni wewe utafanya, na yeye akikumbuka atakuuliza kama umechoka. Kaeni chini, chukueni karatasi, muandike kazi na jina la mwenye kazi.

Mimi ningegawa hivi. Baba: kupiga hema na kulikunja, moto, kuchota maji, na maji ya moto ya alfajiri. Hii ya mwisho iandikeni kwa wino mwekundu. Tengeru iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na Juni na Julai, ambayo ni likizo yetu, ndiyo miezi ya baridi kule. Mtoto akiamshwa atie udhu kwa maji kama barafu, Sala ataichukia. Akimkuta baba ameshachemsha maji, ataipenda.

Watoto waliofika miaka kumi na zaidi: vyombo, kuokota taka, na kuwachunga wadogo kwa zamu. Wavulana na wasichana sawasawa. Msimpe binti vyombo na mvulana mpira, mnampikia mke wa mtu balaa la baadaye.

Mama: achague mwenyewe kazi mbili anazozipenda. Akichagua kupika pilau moja la usiku kwa sababu anapenda, apike. Lakini kila siku uwepo mlo mmoja ambao hakuna mkono wa mwanamke uliougusa, hata kama ni mkate na mayai ya kuchemsha. Siku ya kwanza msipike kabisa. Visheti, kashata, sambusa kavu, maandazi na mikate mnatoka navyo nyumbani, na hata hivyo muvitengeneze wote. Ya pili yake, mazao yako mlangoni: soko la Tengeru ni maarufu, siku zake kubwa ni Jumatano na Jumamosi, ndizi na maparachichi yamejaa. Baba aende na watoto, na mama abaki na msahafu wake na kikombe cha chai, akitazama maji. Saa mbili tu. Kuna wanawake ninaowajua ambao hawajapata saa mbili hizo tangu waolewe.

Najua kigugumizi kiko wapi. Si kwa waume, ni kwa mama mkwe. Mkienda naye, na kumpeleka ni kheri kubwa, atamwona mwanawe ameinama anasugua sufuria, na uso wake utabadilika. Mawifi nao watatazamana. Hapo bi harusi mpya huruka akamnyang'anya mume sufuria, na karatasi yenu imekufa siku ya kwanza.

Ushauri wangu: neno hilo aliseme mume, na aliseme kabla ya safari. Amwendee mama yake peke yake amwambie, "Mama, safari hii nataka wewe na mkweo mpumzike. Mimi na watoto tutapika." Amweke mama yake katika raha hiyo hiyo. Mama yule naye amepika miaka arubaini bila kuandikiwa jina la mtu mwengine kwenye karatasi. Wengi wakisikia wamo na wao kwenye mapumziko, hasira inayeyuka. Na asiyeridhika, atakuwa ameambiwa na mwanawe, si na mke wa mwanawe. Tofauti ya hapo ni kubwa, mwenye kukaa ukweni anaijua.

Yasiyo na mzaha

Yapo mambo manne ambayo kila mtu mzima ayajue, baba kabla ya wote.

Seredani haiingii ndani ya hema, hata iwe baridi vipi, hata makaa yawe yamebaki majivu. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Chetezo cha udi ni hivyo hivyo, maana nacho kina kaa la moto. Bi harusi unayetaka hema linukie, jifukize nje, au tia asumini kwenye mto.

Ziwa si bahari. Watoto wetu wanajua kuogelea, na ndiyo hatari yenyewe, maana wanajiamini. Maji ya chumvi yanambeba mtu zaidi kuliko maji matamu, na ziwa la volkano halina ufukwe wa kushuka taratibu kama pwani yetu. Pia maziwa ya maji matamu yanaweza kuwa na kichocho, na sisi Unguja na Pemba hatuhitaji kufundishwa ubaya wa kichocho. Ziwa la kutazama na kupanda mtumbwi ukiwa na jaketi la kuokolea linatosha.

Baridi ijiandaliwe. Mkeka mmoja chini hautoshi, ardhi inavuta joto la mwili. Wekeni turubai, juu yake godoro jembamba au mablanketi mawili, ndipo mlale. Wazee na watoto wachanga walale katikati.

Na mvua. Machi hadi Mei ni masika, msihangaike. Likizo ya Disemba inaweza kukutana na mvua za vuli, kwa hiyo ulizeni hali ya hewa kabla, na chimbeni kijifereji kuzunguka hema kama wenye kambi wanaruhusu.

Kwa wewe unayeolewa karibuni

Nawashonea mabi harusi, kwa hiyo najua mipango yao kabla ya mama zao. Nguo ya nikahi, ya singo, ya ukumbini, ya kupelekwa, na za fungate nazo zina rangi zake kwa ajili ya picha. Sisemi msishone, mimi nitakula nini? Lakini bi harusi anaweza kukwambia upana wa lesi ya mkono wake wa kushoto, na hajui kama mwanamme anayemwoa anaweza kuchemsha maji.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar, naye akamwuliza: umekaa naye ujirani, umefanya naye biashara ya pesa, umesafiri naye? Aliposema hapana, akamwambia humjui. Safari huchua ngozi ya juu ya mtu. Njaa, usingizi, basi lililochelewa, mtoto anayelia, hapo ndipo utu unapoonekana.

Wewe huwezi kusafiri naye kabla ya nikahi, na usijaribu. Lakini kuuliza unaweza. Mtume mjumbe, mtume kaka yako, au mwulize mwenyewe mbele ya walii wako. Usiulize "fungate utanipeleka wapi?" Hilo kila mtu ana jibu lake, na hoteli zipo. Uliza hivi: "Tukienda safari na watoto siku moja, nani atapika?" Kisha msikilize. Atakayecheka na kusema "wewe, nani mwengine," umeshapata habari yako bila kulipa nauli. Na uliza kwa waliosafiri naye, marafiki wa skuli, ndugu zake, waliokwenda naye ziara au umra. Anatangulia kubeba mzigo, au anatangulia kukaa?

Na ukishaolewa, usingoje watoto watano ndipo uanze kudai. Mume hufundika vizuri mwaka wa kwanza, kama kitambaa kipya kinavyokubali mkunjo. Safari yenu ya kwanza ya hema iwe na karatasi yake, hata mkiwa wawili tu: kazi nne zake, kazi nne zako, na vyombo kwa zamu. Mtoto wenu wa kwanza atazaliwa akikuta ndivyo mambo yalivyo, wala hataona ajabu.

Sisi tuna mila nzuri ya kumpumzisha mwanamke. Bi harusi hafanyi kazi siku za fungate, mzazi hatoki nje siku arubaini, anakandwa, anapikiwa. Wazee wetu walijua mwili na roho ya mwanamke vinahitaji kuachwa vitulie. Ila tumemwekea mapumziko hayo kwenye harusi na uzazi tu, kana kwamba katikati ya hapo hachoki. Nasema katikati ya hapo ndipo anapochoka zaidi.

Ziwa lipo, mlima upo, na kibla kinajulikana. Karatasi na kalamu ni shilingi chache. Andikeni majina, bwana atie saini yake chini, ndipo mkakate tiketi ya boti. Akikataa saini, mwambie safari imeahirishwa mpaka atakapojifunza kupiga hema.

Allah atujaalie safari zenye kheri na salama, atupe watoto wanaoona uzuri wa alichokiumba, na waume wenye mikono myepesi. Amin.